Kadi ya Tatu Ilikuwa ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata wazo. Naliandika hapa kwanza, kwa sababu kulisema kwa mdomo siwezi.

Studio ya mama mdogo hurusha mazishi mubashara. Ndugu walio nchi za mbali hufungua simu zao huko waliko, wakalia pamoja na wenzao wa hapa. Kazi ya heri. Ila Ijumaa iliyopita laini ya intaneti ilikatika jeneza likiwa nusu kaburini. Picha ikaganda. Ndugu wa mbali wakamtazama marehemu akining'inia kwenye kamba, haendi chini wala harudi juu. Mmoja akapiga simu kuuliza kama wachimba kaburi wamegoma.

Mama mdogo hajalala vizuri tangu siku hiyo. Leo asubuhi ametuita, mimi na Binamu, mtoto wa mjomba. Amesema Jumamosi anazikwa mzee wa nyumba ya jirani, yule mstaafu aliyefanya kazi ya kuunganisha simu za watu maisha yake yote. Watoto wake wametapakaa dunia nzima na wote watatazama. Baada ya hapo, kasema, kiti cha kompyuta kitakuwa cha mmoja wetu, moja kwa moja. Atakayekikosa atashika maiki. Kazi yake itakuwa kupita kwa waombolezaji na kuwauliza wanamkumbukaje marehemu.

Maiki! Mbele ya watu! Mimi, niliyemaliza shule bila kuitikia "nipo" hata siku moja wakati majina yanapoitwa! Nilikuwa nainua kidole. Sauti haitoki. Mwalimu mmoja aliniandika mtoro mwaka mzima nikiwa nimekaa mbele yake.

Kwa hiyo kiti hicho lazima kiwe changu. La sivyo nihame nchi.

Wazo lenyewe hili hapa. Kompyuta kubwa ya studio, ambayo sote tunaiita Dubwana, ina kadi ya mtandao moja. Kadi ni kama mlango: kebo inachomekwa hapo, picha inatoka hapo. Mlango ukizibwa, basi. Lakini Dubwana ana nafasi za kadi zaidi. Nikimwekea kadi tatu, kila moja na laini yake, zitagawana mzigo kama watu wanaobeba sofa. Mmoja akijikwaa, wengine wanashika. Sofa halianguki.

Nilimnong'oneza mama mdogo. Akasema niongeze sauti. Nikanong'ona kwa nguvu. Binamu akacheka, akasema hata mazishi yana jeneza moja, kadi tatu za nini? Binamu amesoma kozi fupi ya kompyuta na tangu hapo anataka tumwite Injinia. Mimi simwiti chochote. Naona aibu.

Laini ya kwanza ipo. Ya pili itatoka kwenye kile kiruta kidogo, kisanduku cha kugawa intaneti kinachotumia laini ya simu. Ya tatu sina.

Nilikuwa nawaza hivyo nikitazama dirisha la nyuma. Ng'ambo ya kichochoro kuna dirisha la chumba cha kazi cha yule mzee. Ukinyoosha mkono unakaribia kugusa nondo zake. Ndani, juu ya meza, ruta yake inawaka taa za kijani. Inakonyeza. Mwenyewe yuko chumba cha maiti, na laini yake ingali hai.

Si wizi. Ni kuazima kwa mtu ambaye hana haraka nayo.

Jumanne, 4 Machi

Kadi ya pili imeingia! Nilifungua Dubwana kwa bisibisi, nikaichomeka, nikamuunganisha na kiruta cha simu. Nikachomoa laini ya kwanza kwa makusudi. Picha haikuganda! Nikageuka kumwonyesha mtu. Hakukuwa na mtu. Nikajipongeza kwa kuinamisha kichwa.

Mchana akaja binti wa marehemu. Ni mtu mzima, ana sauti nzito na mkoba mkubwa. Ameleta kompyuta ya baba yake ili tutoe picha za zamani za kuonyesha Jumamosi. Mama mdogo alinikabidhi mimi. Binamu akasema, loo, amepewa kazi ya kuosha maiti.  Nilipata jibu zuri sana saa nzima baadaye, nikiwa chooni.

Kompyuta ilipoondolewa, kebo yake ilibaki mezani kwa mzee, ncha haina kazi. Naiona kutoka dirishani kwetu. Nikachukua henga ya kutundikia nguo, nikaikunjua, nikaipinda mbele iwe kulabu. Nikapitisha mkono kwenye nondo zetu, nikavusha kichochoro, nikaingiza kulabu kwenye nondo zake. Jua lilikuwa utosini, kichochoro kimya, hata kuku hakuna. Niligusa kebo. Ikasogea. Nikavuta. Henga ikaniponyoka, ikaanguka ndani, kengg! kwenye sakafu.

Niliganda pale. Hakuna aliyekuja.

Jambo moja dogo. Kiti cha mzee kilikuwa kimeelekea dirishani, kama cha mtu anayetazama kichochoroni. Nadhani kilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nilifungua dirisha la nyuma na nikakaribia kulifunga tena.

Kebo ilikuwa inaning'inia nje ya nondo za mzee, ncha upande wetu, mahali mkono unapofika. Na henga yangu ilikuwa imetundikwa kwenye nondo. Imenyooshwa. Ile kulabu niliyoipinda kwa koleo ilikuwa imerudishwa kuwa henga, bila hata kikunjo.

Nilitazama chumbani. Hakuna mtu. Mlango umefungwa. Kiti vilevile.

Nimelelewa vizuri, kwa hiyo nilisema asante. Sikuisema kwa sauti, ila midomo niliichezesha. Kisha nikaivuta kebo haraka kabla aliyenipa hajabadili mawazo. Bila shaka ni mfanyakazi wa ndani. Ingawa hawana mfanyakazi wa ndani.

Nikaichomeka kwenye kadi mpya ya tatu. Taa ikawaka. Intaneti hakuna! Nikajaribu tena. Hakuna. Binamu akaja, mikono mfukoni, akaeleza bila kuulizwa. Eti kila kadi ya mtandao imechongwa namba yake kiwandani, haifutiki, ni kama alama ya kidole. Na wazee waangalifu huifundisha ruta kukubali namba ya kadi yao tu. Kadi ya mgeni haipiti. Akanigonga begani, akasema pole sana, dada yangu, anza kuzoea maiki, usiishike karibu sana na mdomo, ingawa kwako wewe hata ukiimeza hatutasikia.

Nilikuwa karibu kulia. Kisha nikaangalia chini ya meza.

Kompyuta ya marehemu!

Nilisubiri Binamu aende kula. Nikaifungua. Ndani kulinukia chai. Kadi yake ilikuwa imefunikwa na vumbi laini, isipokuwa pembeni, mahali mtu alipoishika mara nyingi kwa vidole viwili. Nikaichomoa kwa heshima. Nikaichomeka kwenye Dubwana. Ilikuwa na uvuguvugu. Kompyuta ile haijawashwa tangu jana.

Ruta ya mzee ikaitambua. Taa zote za kijani! Laini tatu! Dubwana akaanza kugawa mzigo, kidogo huku, kidogo kule, kama mama anayegawa wali.

Wakati uleule nikasikia sauti ya mwanaume ng'ambo ya kichochoro. Sikushika maneno. Mgeni wa msibani, nadhani. Wanaume wanapokuja msibani huongea kwa sauti kubwa ili wasionekane wanalia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda nikimjaribu Dubwana. Namzima, namwasha. Nachomoa laini hii, naacha ile. Anapita mitihani yote. Sijawahi kupenda kitu hivi.

Halafu akaja Bibi Jirani, mjane wa mzee. Amevaa khanga mbili na kandambili za chooni, amesahau kubadili. Uso unang'aa. Mama mdogo akamkaribisha kiti, akampa pole. Bibi akasema pole ya nini, mume wangu amerudi.

 Hata feni nilisikia ikimeza mate.

Bibi akaeleza taratibu, kama anavyoeleza mtu habari za mgeni aliyefika na basi la asubuhi. Tangu jana, kasema, mzee anaita kutoka chumba cha kazi. Maneno yake yaleyale ya siku zote: "Nipo. Chai iko wapi?" Kila akiita, Bibi humpelekea kikombe. Humwachia mlangoni, kwa sababu kuingia bado hajapata nguvu. Leo ameita mara nyingi mno mpaka majani yameisha, ndiyo maana amekuja kuazima kwetu.

Mama mdogo akampa pakiti nzima. 

Mlangoni Bibi akageuka. Akasema kuna kitu kimoja kimemfurahisha zaidi. Jana jioni, alipoweka kikombe, mzee alisema asante. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuishukuru chai hata siku moja.

Alipoondoka mama mdogo akafunga dirisha la nyuma. Binamu akasema yeye haamini mambo hayo, kisha akasogeza kiti chake katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne. Mimi nimeandika haya nikiwa nimepandisha miguu kitini. Sijui kwa nini. Miguu imependa yenyewe.

Baada ya hapo nikamzima Dubwana na kumwasha tena, ili nitulize roho kwa kazi. Ng'ambo, mzee akaita.

Ijumaa, 7 Machi

Mzimu ni mimi!

Binti wa marehemu alikuja kuangalia picha. Nilijikaza, nikamuuliza kuhusu sauti. Alinifanya nirudie mara tatu kwa sababu hakusikia. Kisha akacheka mpaka akalia, na akalia kweli.

Akasema baba yake alizoea kazini kutangaza kwamba yuko kwenye laini kabla hajasema lolote. Alipostaafu akaifundisha ruta ya nyumbani: ikiona kadi ya kompyuta yake imeamka, iwashe spika yenye sauti aliyojirekodi. Ni ili mkewe, ambaye masikio yamechoka, ajue mzee ameketi na chai inahitajika. Binti akasema ajabu ni kwamba spika ingali inalia wakati kompyuta iko huku. Labda ruta imechanganyikiwa.

Nilitazama chini ya meza, kwenye kompyuta isiyo na kadi.  Kila nilipomwasha Dubwana, nilimwita marehemu aombe chai! Mara ngapi jana? Bibi wa watu amemaliza majani!

Nikauliza swali moja la mwisho. Hiyo sauti, husema asante pia? Binti akafuta macho, akasema asante? Baba? Hilo ndilo lililomuudhi mama siku zote. Hapana, ni maneno yale tu.

Niliitafuta sauti ndani ya kompyuta ya mzee, nikaisikiliza kwa vipokea sauti. Nipo. Chai iko wapi? Basi. Baada yake hakuna kitu, mvumo tu. Niliusikiliza mvumo ule mpaka mwisho. Sitausikiliza tena.

Bibi alisikia vibaya. Masikio yamechoka.

Nimeamua mambo mawili. La kwanza: kukiri. Nilijiandaa njia nzima, njia ambayo ni hatua chache tu, nikaingia msibani nimenyoosha shingo. Shangazi mmoja wa watoto wa marehemu akaniona, akasema huyu binti ana mikono mizuri, akanikabidhi sufuria. Sikuweza kusema nina jambo la kukiri. Nikaosha. Wakaleta nyingine. Nimeosha sufuria za ukoo mzima. Kila nilipofungua mdomo walidhani naomba sabuni.

La pili: kuzima spika. Hilo nimefanikiwa! Nilijipenyeza chumba cha kazi wakati wote wanapokea wageni. Vikombe vya chai vilikuwa vimepangwa mezani safu moja. Vitupu. Vikavu. Bibi alisema humwachia mlangoni. Kiti kilikuwa kimeelekea dirishani kwetu, na kutoka pale, ukikaa, unaiona meza yangu vizuri sana. Sikukaa. Niliinamia ukutani, nikachomoa plagi, nikaiacha sakafuni, nikatoka kinyumenyume.

Na kama ulinzi wa ziada nimebadili mpangilio wa Dubwana. Kadi ya tatu haitagawana mzigo tena. Italala. Itaamka tu kama laini mbili za mwanzo zimekufa pamoja, jambo ambalo haliwezekani. Mtu akiniuliza kwa nini sikuitoa kabisa: Jumamosi ni kesho, kiti ni kimoja, na maiki ninaiona kila nikifumba macho.

Jumamosi, 8 Machi

Limewezekana.

Niandike kwa utaratibu. Turubai uani kwa jirani, viti vya plastiki, jeneza mbele, kamera mbili, kebo zimevushwa kichochoroni hadi kwa Dubwana. Mimi kitini. Mama mdogo nyuma ya kamera kubwa. Binamu ameshika maiki kwa leo tu, amevaa tai, anawauliza watu wanamkumbukaje marehemu. Kila mtu anamkumbuka kwa chai.

Watazamaji waliongezeka. Wajukuu wa mbali wakaandika salamu. Laini ya kwanza na ya pili zinabeba mzigo vizuri, ya tatu imelala. Nilikuwa na furaha ya amani.

Upepo ukaanza. Vijana wa turubai wakaona vema kuongeza kigingi kimoja. Wakakipigilia ardhini kwa nyundo, kwa nguvu zote, katikati kabisa ya kebo ya laini yetu ya kwanza, ambayo hupita chini ya ua huo. Taa ya kadi ya kwanza ikafa. Dubwana hakutikisika! Laini ya pili ikabeba sofa peke yake.

Mwenyekiti wa mtaa akasimama, akaomba tunyamaze kumkumbuka mzee. Watu wote wakasimama. Na watu wote, kila mmoja kwa wakati mmoja, wakatoa simu kurekodi ukimya ule na kuwatumia wenzao. Umati mzima ukauparamia mnara mmoja wa simu. Taa ya kadi ya pili ikapepesa, ikapepesa, ikafa.

Na kadi ya tatu ikaamka.

Picha haikuganda! Hata kidogo! Nilirusha mikono juu. Nilisema "Ndiyo!" kwa sauti, sauti kabisa, nikiwa peke yangu. Mikono ikiwa bado juu, nikakumbuka.

Nilijiambia nimechomoa plagi.

Spika ikazungumza. Katika ukimya ule, uani kote, kwa sauti safi ya mtu aliyeketi:

"Nipo. Chai iko wapi?"

Kulikuwa na nukta moja ambayo hakuna aliyepumua. Niliwaona kwenye skrini, wamesimama kama picha iliyoganda, nikadhani imeganda kweli. Kisha viti vikaruka. Mwenyekiti wa mtaa alipita chini ya meza, si kando yake. Wabeba jeneza waliokuwa na glavu nyeupe waliziacha. Shangazi wa sufuria alikimbia akiwa amelala kifudifudi, sijui aliwezaje. Binamu alikimbia na maiki ikiwa imewashwa, kwa hiyo ndugu wote wa ng'ambo walimsikia akihema, kandambili za watu zikipigapiga, gari likimpigia honi, na sauti yake ikisema mama nakufa, mama nakufa, mpaka akafika barabara kuu na maiki ikaishiwa nguvu.

Uani pakabaki jeneza, kamera, mama mdogo aliyekuwa ameikumbatia miguu ya kamera macho yamefumbwa, na Bibi Jirani.

Bibi aliinuka kitini taratibu. Akaingia ndani. Hakukuwa na sauti yoyote duniani, hata upepo uliacha. Akatoka na kikombe kwenye kisahani. Akakiweka juu ya jeneza, upande wa kulia, upande ambao mkono wake ungekuwa. Akasogeza kishikio kielekee ndani. Akarudi kukaa, akamsubiri anywe.

Wajukuu wa mbali waliacha kuandika. Wote. Idadi ya watazamaji ilikaa palepale, hakuna aliyeondoka.

Nililia kitini. Kisha nikatazama skrini tena, kwa karibu. Kikombe kilikuwa kinafuka moshi. Moshi haukupanda juu. Ulikuwa unapinda kuelekea dirisha la chumba cha kazi, mwembamba, kama unavutwa na pumzi.

Itakuwa lenzi.

Jumapili, 9 Machi

Mzee alizikwa jana jioni, baada ya watu kurudi mmoja mmoja, kila mmoja akidai alikuwa amekwenda kuwatafuta wengine.

Leo ni hukumu. Binamu alisema yote. Alifuatilia kebo kutoka kichochoroni mpaka kwa Dubwana, akaitoa kadi, akaiweka mezani mbele ya mama mdogo kama daktari anayeonyesha jino. Akasema, shangazi, huyu ameweka kiungo cha marehemu ndani ya kompyuta yako. Kisha akaongeza kwamba yeye maiki hashiki tena, hata apewe dunia.

Mama mdogo aliigeuza kadi mkononi. Akasema kwanza: picha iliganda? Nikatikisa kichwa. Akasema pili: unajua simu ngapi nimepigiwa leo? Watu wawili wanataka turushe mazishi ya kwao, na mmoja ameuliza kama marehemu kuongea ni bei tofauti.

Halafu akatoa masharti. Kiti ni changu, kwa sababu picha haikuganda. Lakini niirudishe kadi mahali pake na nikamwambie Bibi ukweli, kwa mdomo wangu, kwa sauti ya kusikika. Nikishindwa, mazishi yajayo nashika maiki. Na laini ya marehemu isiguswe tena milele.

Nilikwenda. Bibi alikuwa peke yake sebuleni. Nikasimama mbele yake na kompyuta ya mzee mikononi.  Nikafungua mdomo. Hewa tu. Nikafikiria maiki. Nikafungua tena, na sauti ikatoka, kubwa, mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Nikasema sauti ile ilikuwa spika, Bibi, na aliyekuwa akiiamsha ni mimi, nisamehe.

Bibi akanivuta nikae. Akasema, mjukuu wangu, spika naijua. Nilikuwepo siku anairekodi, nikamgombeza, nikamwambia angalau useme tafadhali. Nilijua kuna mtu anaichezea. Nilikuwa nafurahi tu kuwa na mtu wa kumpikia.

Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Akanimiminia chai. Akasema, bila kuinua macho: lakini ile asante, mjukuu wangu, haikutoka upande wa spika.

Nilimaliza chai yangu haraka sana. Nikasema asante kwa sauti, nisije nikahesabiwa upande wa marehemu.

Jumanne, 11 Machi

Kiti ni changu! Nimekaa juu yake siku mbili. Kinazunguka.

Nimetii kila kitu. Kadi nimeirudisha kwenye kompyuta ya mzee, na binti yake ameifungia kompyuta kabatini, akaondoka na ufunguo. Watu wa kampuni ya intaneti walikuja leo asubuhi wakakata laini, wakachukua ruta, wakabeba na spika kwa makosa. Chumba cha kazi kimebaki na meza, kiti na taa ya mezani.

Mazishi yajayo ni Alhamisi na Dubwana amerudi kuwa na kadi mbili. Sina amani. Mbili zinaweza kufa pamoja. Nimeliona kwa macho yangu. Mama mdogo amekataza laini za marehemu. Wazima hakuwataja. Mzee wa nyumba ya upande wa pili, fundi cherehani mstaafu, amekuwa akikohoa sana wiki hii. Nimemsalimia kwa uchangamfu. Nimemuuliza anatumia intaneti ya kampuni gani.

Mchana wa leo nimefungua dirisha la nyuma kupunguza joto. Jua kali, kichochoro kimya. Taa ya mezani kwa mzee ilikuwa inawaka. Nikafurahi kwamba Bibi amepata nguvu ya kuingia. Kisha nikaona plagi yake sakafuni, palepale nilipoiacha Ijumaa. Kumbe nilichomoa ya taa! Ndiyo maana spika iliongea. Fumbo limefumbuka.

Taa iliendelea kuwaka.

Mlango wa chumba ukafunguka kidogo. Mkono wa Bibi ukaweka kikombe sakafuni, ukarudi. Mlango ukafungwa. Kiti, ambacho kilikuwa kimeelekea kwangu, kikalia kidogo, kama vinavyolia viti mtu akijiinua.

Na mtu akasema asante. Karibu kabisa na nondo. Kwa adabu, na kwa aibu kidogo, kama mimi ninavyosema.

Nimefunga dirisha. Nimekaa. Nimefikiri sana, kwa sababu mwenye kiti hiki lazima afikiri. Ruta haipo. Spika haipo. Kadi imefungiwa. Kebo imekatwa. Na bado sauti inapita, safi, bila kukwaruza, bila kuganda.

Maana yake ni moja tu. Kuna laini nyingine pale. Haitegemei mnara, haichomwi na vigingi, na kwa sasa inabeba neno moja tu kwa siku. Nafasi yote iliyobaki inapotea bure!

Nimefungua dirisha tena kupima umbali. Henga yangu imetundikwa kwenye nondo zake. Safari hii imepindwa tayari, kulabu nzuri kuliko niliyotengeneza mimi, na ncha yake inatazama upande wetu.

Majirani wakarimu namna hii ni wachache. Kesho natafuta kadi ya nne.